Coimbra si mji wa nusu siku

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mliokuwapo mwaka juzi mtasema mzee huyu atarudia yale yale. Nitarudia. Mwaka juzi niliwaomba msiipite Coimbra mbio mbio, mkaitikia kwa adabu, kisha watatu katika nyinyi mkaenda Ureno, na wote watatu mkanirudia na hesabu moja: Lisbon siku nne, Porto siku tatu, Coimbra "tuliteremka kidogo, tukaona maktaba". Kidogo! Kwa kuwa treni ya kasi kutoka Lisbon haimalizi saa mbili, mtu anaona mji mzima ni kituo cha kunyoosha miguu.

Haya, nianze na maktaba hiyo hiyo mnayoikimbilia.

Inaitwa Joanina, kwa jina la Mfalme João wa Tano. Ilijengwa kati ya 1717 na 1728, enzi ambazo dhahabu ya Brazil ilikuwa ikiteremshwa Lisbon kwa merikebu, na ukiingia huhitaji kuambiwa dhahabu hiyo ilikwenda wapi. Unaingia kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, unazungushwa dakika chache, unatolewa. Dakika hizo wengi huzimaliza shingo juu, wakitazama dari. Tazameni meza. Kila jioni wageni wakishatoka, wahudumu huzifunika meza zile kwa ngozi, kwa sababu ndani ya maktaba wanaishi popo. Wala hakuna anayewafukuza. Usiku wanakula wadudu wanaotafuna karatasi, asubuhi mavi yao yanasafishwa, ngozi zinakunjwa, kazi imeisha hadi jioni. Kuna mikataba mibaya kuliko huo. Mtembezaji wetu akieleza haya alitaja "mesas", nikamgusa bega binti ya dada yangu niliyekuwa naye: umesikia? Meza. Neno letu hilo, na hapa ni kwao.

Ngojeni, sijafika ninakokwenda.

Chini ya maktaba kuna jela. Chuo kile kilikuwa na mahakama yake na jela yake. Mwanafunzi akikosa hakupelekwa kwa askari wa mji, alihukumiwa na watu wa chuo na kufungiwa pale chini, na mambo hayo yalikoma 1834. Unashuka ngazi nyembamba, kuta nene, baridi. Binti akaniuliza: Mjomba, kwa Kireno gereza wanaitaje? Nikamjibu kwa kifua mbele kwamba wanaita hivyo hivyo, sisi tulilichukua kwao. Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na saba, kamusi inaniambia asili yake Kireno, nijibu nini kingine? Mtembezaji akasikia, akatabasamu. Sisi tunasema prisão, akasema. Nikamtamkia "gereza" mara tatu, polepole, kama anayenunua dawa. Akatikisa kichwa. Halimo.

Sasa, kama ningekuwa na treni ya saa nane mchana, ningeondoka na aibu yangu hiyo na nisingejua zaidi. Lakini tulikuwa tunalala. Kesho yake tukashuka mji wa chini, hadi Santa Cruz, alikozikwa Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno. Karibu na mlango kuna kibao: Igreja. Binti akakisoma kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, i-gre-ja, i-gre-ja, halafu akanigeukia na macho yake yote. Nikasimama katikati ya njia, mama mmoja wa Kireno akanizunguka na kikapu chake. Kanisa! Gereza ni kanisa!

Mtu wa Mombasa nimepita mbele ya Ngome, Fort Jesus, maisha yangu yote. Mreno alijenga kanisa ndani yake. Mwomani alipomtoa, 1698, kanisa likaisha lakini jina likabaki midomoni mwa watu wa pwani, likawa jina la boma lolote la namna ile. Nendeni Kilwa Kisiwani, boma la pale linaitwa Gereza hata leo, na hakuna mfungwa. Kisha Mwingereza akaja akaifanya Ngome yetu jela, kuanzia 1895 hadi 1958, neno likahama tena. Nyumba ya sala ikawa nyumba ya mizinga, ikawa nyumba ya pingu. Ile kamusi yangu ilikuwa imesema kweli, ila ilisema nusu, nami nusu hiyo nilikuwa nimeifundisha miaka ishirini na saba.

Naona mama pale kulia anatikisa kichwa. Najua swali, huulizwa kila mara: kwa nini tuwapelekee pesa watu waliochoma miji yetu, tukatazame chuo chao? Swali la haki. Ila mnalijibu wenyewe kwa kusafiri kwenda London kila mwaka bila kuuliza, hilo tuliache. Jibu langu ni hili. Chuo kile kilianzishwa 1290, kikawa kinahamishwa Lisbon na Coimbra kama mke wa pili, hadi kikatulizwa Coimbra 1537, ndani ya jumba la mfalme. Évora walikuwa na chao, kikafungwa 1759. Baada ya hapo hadi 1911 Coimbra ndicho chuo kikuu pekee cha Ureno. Brazil hawakuruhusiwa kuwa na chuo kikuu chini ya Mreno. Angola na Msumbiji walianza kupata masomo ya chuo kikuu 1962. Hesabuni wenyewe: 1290, 1962. Kwa hiyo Mwafrika wa makoloni yale aliyetaka shahada alipanda meli. Agostinho Neto alifika Coimbra 1947 kusomea udaktari, akamalizia Lisbon, akaja kuwa rais wa kwanza wa Angola. Serikali ilikuwa imewajengea wanafunzi wa makoloni nyumba ya kukutania Lisbon, na tawi lake Coimbra, ili iwachunge vizuri. Wakakutana kweli. Walichozungumza serikali ilikipenda kiasi kwamba 1965 polisi waliifunga nyumba.

Kwa hiyo mama, ngazi za chuo kile si za Wareno peke yao.

Na 1969 je? Februari 3, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO waliopigania uhuru wa Msumbiji, anauawa kwa bomu Dar es Salaam, wazee wengine humu wanaikumbuka siku hiyo. Aprili 17, Coimbra, Rais Américo Tomás amekuja kuzindua jengo la hisabati. Kiongozi wa wanafunzi, Alberto Martins, anasimama kuomba ruhusa ya kusema. Kuomba tu! Ananyimwa, msafara unaondoka, usiku anakamatwa. Wanafunzi wakagomea masomo, kisha mitihani, na wengine wakaadhibiwa kwa kuandikishwa jeshini. Jeshi lenyewe linapigana wapi? Angola, Guinea-Bissau, Msumbiji. Kijana anatolewa darasani Coimbra kwenda kupigana na vijana waliopata mafunzo Nachingwea, kambi ya FRELIMO kusini mwa Tanzania. Jengo bado lipo. Watalii wanalipita wakiulizana popo wako wapi.

Nimeletewa karatasi, dakika tano. Basi mengine yote haraka.

Mji wa juu una sura mbili, na sura ya pili, yale majengo meupe makavu kama ofisi za kodi, ni ya Salazar, dikteta wa Ureno, aliyesoma na kufundisha hapo hapo. Kuanzia miaka ya 1940 alibomoa nyumba za watu kuyapata. UNESCO waliingiza chuo kwenye urithi wa dunia 2013. Ngazi kuu ina vidato 125, magoti yenu mjadili wenyewe. Njia nzuri zaidi ni kupitia lango la Almedina, na neno hilo la Kiarabu sina haja ya kuwafasiria nyinyi, halafu Quebra Costas, yaani Vunja Mgongo, mpaka kanisa kuu la zamani. Kengele ya mnara wanaiita Mbuzi, kwa jinsi inavyowakera wanafunzi. Fado, nyimbo zile za huzuni za Kireno, ya Coimbra kwa desturi huimbwa na wanaume, wamevaa joho jeusi, na msikilizaji hapigi makofi, anakohoa. Mimi nilipiga makofi. Habari za Pedro na Inês, wapenzi wa kale wa pale, na magofu ya Warumi ya Conimbriga, nilitaka kuyasema kwa urefu, basi tena.

La safari. Treni kubwa zinasimama Coimbra-B, kituo kiko nje ya mji, msishangae mkaona hakuna kitu mkarudi ndani ya behewa. Chukueni chumba mji wa chini, kwa usiku mbili kwa uchache. Jioni pandeni mkakae uani pa chuo, mto Mondego unauona chini, ngojeni giza liingie, popo wanatoka. Na viatu viwe vya raba. Mawe ya Vunja Mgongo yakilowa mvua yanateleza kama sabuni, binti aliniokota mara mbili.

Haya, maswali. Mama wa kulia, anza wewe.