Miaka Miwili ya Kununa

Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, shikamooni mnaostahili. Nanyi wanangu mnaosubiri kupangiwa vituo, hamjambo?

Naomba radhi kwa kuchelewa. Foleni ya kutoka Mbezi leo haikuwa ya kawaida. Dereva alifika mahali akazima injini, na mnajua maana yake dereva wa daladala akizima injini. Konda hakukata tamaa: "Sogeeni nyuma huko, kweupe!" Kijana mmoja mlangoni akaanza kulaani. Alianza na trafiki, akaja kwa serikali, akamalizia na mvua ya juzi.

Mama niliyekaa naye akatoa uzi na sindano kwenye mkoba, akaanza kufuma kitambaa cha kochi. Nikamuuliza, mama, wewe hukereki? Akasema, "Nakereka sana, baba. Ila nyumbani nina wajukuu wanne. Hiki ningekifuma saa ngapi?"

Nilipanga kuwasomea karatasi hii hapa. Nimeikunja.

Sikilizeni tena alivyojibu. Hakusema foleni ni baraka. Alisema nakereka. Siku hizi kuna wasemaji wanaolipwa kuwaambia vijana wafikirie mazuri tu, watabasamu, mambo yatajipa. Mimi siwaamini. Foleni ni kero, na ukiicheka haisogei. Yule mama alikereka, na kitambaa kikaendelea.

Niliyajua haya kwa kuchelewa. Mwaka 1984 nilipangiwa shule ya ndani kabisa. Basi lilifika mara mbili kwa wiki, masika halifiki. Nyumba ya mwalimu haikuwepo, nikapewa stoo ya majembe. Wanangu, nilinuna. Nilinuna miaka miwili! Naingia darasani, naandika ubaoni, natoka. Jioni nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, naandika barua ya kuomba uhamisho. Niliandika tano, na kila moja nikaweka nakala.

Wiki ile ile alifika mwenzangu mmoja. Tulilala stoo hiyo hiyo, popo wale wale juu yetu. Na msidhani alikuwa mpole, alilalamika kunishinda! Alimfuata mwenyekiti wa kijiji, akamfuata ofisa elimu, mpaka wakaanza kumkwepa. Lakini giza likiingia aliwasha koroboi akasoma, akijiandaa na mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka wa tatu akafaulu, akaenda chuo kikuu. Mimi nilikuwa na nakala tano za barua.

Kwa muda mrefu nilijiambia mwenzangu alikuwa na bahati. Bahati gani, na popo walikuwa wetu sote?

Enzi zile tulikuwa na mtu wa kumtazama, ila mimi sikumtazama vizuri. Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania. Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo akamaliza kwa rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2. Hiyo mnaisikia kila mwaka. Mtu wa pili je? Alikuwa mwenyeji, John Walker. Naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Hebu fikirini, umevunja rekodi ya dunia na bado umeshindwa, nyumbani kwenu, watu wa kwenu wakikutazama. Walker hakuacha mbio. Mei 1975 Bayi akachukua na rekodi ya maili. Agosti mwaka huo huo Walker akaivunja, akawa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50.

Dunia nzima ikawa inangoja wakutane Montreal, Olimpiki ya 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka ule ule watoto wa Soweto walipopigwa risasi, na nchi nyingi za Afrika zikasusia michezo, Tanzania ikiwemo. Walker akachukua dhahabu bila Bayi kuwepo.

Mimi nasema kususia kulikuwa sahihi, na ningeulizwa leo ningesema hivyo hivyo. Lakini aliyelipa gharama ni kijana aliyekuwa kwenye kilele cha mbio zake. Jambo linaweza kuwa la haki na likakuuma wewe mwenyewe.

Miaka minne baadaye, Moscow, Bayi aliingia kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akaongoza kwa mtindo wake ule ule wa mbele kwa mbele, mpaka Malinowski wa Poland akampita kwenye mzunguko wa mwisho. Medali ya fedha. Baadaye akajenga shule, na shule ndiyo kazi mnayoiendea nyinyi.

Naona muda umekwenda, na mpishi ananitazama. Huko mtakakopangiwa bebeni chandarua na taa ya sola, koroboi inaumiza macho. Kama hakuna nyumba, dai nyumba, tena kwa maandishi. Barua ya uhamisho nayo andikeni, ni haki yenu. Nakala moja inatosha.

Haya, maswali. Wewe wa nyuma mwenye shati la bluu, ulinyoosha mkono tangu kwenye popo.