Gunia la Peke Yako Halikai: Wiki Tatu na Daftari la Mama, Tandika

Habari zenu ndugu zangu, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, tumsifu Yesu Kristo. Leo hamnioni jikoni kwangu Leicester, Uingereza. Leo nipo nyumbani Tandika, Dar es Salaam, nimekaa barazani kwa mama, na huo mlio mnaousikia ni muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake. Wiki ya tatu hii, Jumapili naondoka. Niliwaahidi video ya Kariakoo, najua, na wengi mmeniuliza. Nimeiweka kando. Nataka tuzungumze habari ya chakula, tena taratibu, bila haraka.

Nianze na kosa langu. Mwezi wa pili mama alinipigia, akazunguka zunguka, mwisho akauliza kama naweza kuongeza kidogo kwenye hela ya matumizi. Nikamjibu, "Mama, si nilituma juzi tu?" Hakubishana. Akasema, "Sawa mwanangu, Mungu ni mwema," kisha akaniuliza habari za baridi. Jibu lile nimelibeba kifuani mpaka nimeshuka kwenye ndege.

Basi nilipofika nilimwomba jambo moja tu: kila kinachonunuliwa kuanzia asubuhi mpaka usiku tukiandike. Tukachukua daftari la mpwa wangu lililobaki kurasa. Nyumba hii ina watu watano pamoja na mimi: mama, mdogo wangu anayeendesha bodaboda, wapwa wawili. Nawasomea siku moja. Asubuhi sukari robo, majani ya chai ya mia, maandazi. Mchana unga kilo moja, dagaa fungu la shilingi 1,000, nyanya fungu la 500, kitunguu, mafuta ya 500. Jioni mchele kilo na robo, maharage ya kuchemshwa ya 1,500, nazi moja, mafuta tena ya 500. Kesho yake hivyo hivyo. Mtoto anakwenda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, na chupa yake mara mbili kwa siku.

Hapo kwenye mafuta nikasimama. Nikachukua kile kikombe kidogo cha kupimia dawa ya kikohozi, cha mililita 15, nikapima mafuta ya 500. Yakajaa vikombe vinne na kidogo, kama mililita 64 hivi. Piga hesabu na mimi. Kwa kupima hivyo, lita moja inamgharimu mama karibu 7,800. Lita hiyohiyo ikiwa kwenye chupa, dukani hapohapo, ni 6,500. Na dumu la lita 20 kwa jumla mjini tuliambiwa 110,000, yaani 5,500 kwa lita. Kwa mwezi mama anatoa 30,000 kwa mafuta ambayo kwa bei ya dumu yangekuwa 21,000 na ushee. Mama yangu, asiye na mshahara, ananunua mafuta kwa bei kubwa kuliko mwenye gari anayepakia dumu kwenye buti.

Na naomba mtu asimtupie Mangi lawama. Anafungua alfajiri, anafunga usiku wa manane. Kila kipimo mafuta mengine yanabaki kwenye kibaba. Ana daftari lake la madeni, na jina la mama yangu limo, na hakuna siku amemtangaza. Kinachomfanya mama anunue vile ni namna hela inavyoingia. Mdogo wangu akishatoa hesabu ya mwenye pikipiki na mafuta ya pikipiki, anarudi na 8,000, siku nyingine 15,000, siku ya mvua harudi na kitu. Hela inayokuja kwa siku inaliwa kwa siku. Mimi kule mshahara unaingia mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nanunua mfuko wa mchele wa kilo 10 na sifikirii. Nikawa natuma kwa mwezi, nikidhani na huku jungu linapikwa kwa mwezi. Hela yangu ilikuwa inafika tarehe tano, inalipa deni la Mangi la mwezi uliopita, na tarehe kumi na mbili tunaanza upya kuandikwa.

Kuna video nyingi zinawafundisha watu: nunueni jumla, jumla ni nafuu. Ni kweli, ni nafuu. Lakini jumla inataka hela ya mkupuo, inataka nauli ya guta la kubebea mzigo, na inataka mahali pa kuweka. Mtu anayeishi chumba kimoja, kitanda na jiko humohumo, panya juu ya dari, unamwambia anunue gunia aliweke wapi?

Sasa bei zenyewe. Mnazijua kuliko mimi, sitakaa sana hapo. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, ngano na mafuta vikapanda dunia nzima, na Aprili ileile Indonesia ikafunga kwa wiki kadhaa kuuza mawese nje, wakati sisi mafuta mengi ya kula tunaagiza. Agosti 2022 petroli hapa Dar ikapita 3,400 kwa lita, na lori la viazi kutoka Njombe haliendi kwa maji. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zikazuia viwanda kuvuna miwa, sukari ikapita 4,000 kwa kilo, na sehemu nyingine haikuonekana kabisa. Na maandazi, wenzangu mmeona: bei ilikaa palepale muda mrefu, ila donge likawa linapungua.

Halafu mtu anasikia kwenye redio kwamba mfumuko wa bei mwaka 2024 ulikuwa wastani wa asilimia 3.1, anaona kama anadanganywa. Hadanganywi. Kwenye kapu ambalo Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapimia, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Ni wastani wa watu wote, pamoja na wanaolipia ndege na intaneti ya nyumbani. Kwenye daftari hili la mama, katika kila 10,000 iliyotoka, zaidi ya 6,500 imekwenda tumboni. Nyanya ikipanda wakati wa masika, kwake haizimwi na nauli ya ndege iliyoshuka.

Na Uingereza tusidhani ni peponi. Machi 2023 bei za vyakula kule zilikuwa zimepanda kwa asilimia 19 ndani ya mwaka mmoja, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka zaidi ya 45. Nimewaona wenzangu kazini, tunaofanya zamu za usiku kuhudumia wazee, wakienda dukani jioni kusubiri vibandiko vya njano vya vitu vinavyokaribia kuharibika. Mimi pia nilisubiri. Ndiyo maana nilimjibu mama vile, na sasa naona kwamba sote wawili tulikuwa tunafichana.

Nirudi jikoni, kwa sababu hapa kuna akili ambayo nilikuwa nimeisahau. Haya maharage ya kuchemshwa ya 1,500: mwanzoni nilimwambia mama, nunua mabichi, ni bei rahisi. Akanicheka kwa upole. Maharage mabichi yanakula mkaa. Mama wa genge anachemsha sufuria kubwa mara moja kwa mtaa mzima, kila nyumba inachukua upawa wake, unabaki kuunga tu. Akinunua mabichi, analoweka tangu usiku. Nazi imepanda, basi nazi moja anaikamua mara tatu: tui zito kwa maharage, jepesi linakwenda kwenye wali, la mwisho kwa tembele la kesho. Mchele chenga, ambao zamani tulikuwa tunaununua wa vitumbua, sasa anachanganya na mchele mzima, nusu kwa nusu. Masika bustani za bonde la Msimbazi zinajaa maji na mchicha unakuwa vijiti viwili kwa fungu, basi tunakula tembele na kisamvu, ambavyo havisumbuliwi na mvua.

Hayo nayasifu. Lakini kuna moja sitalisifu, na naomba msilisifu na nyie. Pasi ndefu, yaani kuruka mlo wa mchana. Wiki ya kwanza sikuiona, kwa sababu mgeni nilikuwepo. Wiki ya pili nilitoka siku mbili kwenda kwa shangazi Mbagala, niliporudi nikafungua daftari. Siku zile mbili, mchana hakuna kitu kilichoandikwa. Chai saa tano, halafu chakula cha usiku. Watoto walikula shuleni, mdogo wangu alikula kwa mama lishe kijiweni, na mama hakula. Mama yangu anameza vidonge vya sukari, na vile vidonge aliambiwa ameze na chakula. Nikamuuliza. Akasema, "Sikusikia njaa." Jamani, mtu mzima akikwambia hakusikia njaa siku mbili mfululizo, muda uleule wa mchana, mwelewe anachosema.

Sasa nifike kwenye gunia. Mwaka jana mwezi wa saba niliamua kuwa na akili. Nikatuma hela ya gunia zima la mchele, kilo 100, kwa kuwa msimu wa mavuno bei inakuwa chini, ili lisogeze siku kabla bei haijapaa. Mwezi wa tisa mama akaniambia mchele umekwisha. Nilikasirika. Nilidhani labda limeuzwa, nikamdhania vibaya hata mdogo wangu, nikamwombea msamaha juzi hapahapa barazani.

Kumbe gunia halikuuzwa. Hii ni nyumba ya wapangaji, vyumba vinatazamana, ukumbi mmoja, uani mmoja. Gunia likishushwa na guta, mtaa mzima unaliona. Jirani anakuja na kisado: "Mama, niazime, nitarudisha Ijumaa." Utamnyima? Huyuhuyu ndiye aliyemkimbiza mama hospitali usiku wakati sisi tuko mbali. Ijumaa inafika, hana. Anakuja mwingine. Mama akaniambia maneno ambayo nimeyaandika nyuma ya daftari: "Mwanangu, gunia la peke yako halikai." Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa ananifundisha hesabu.

Basi walichofanya wanawake wa uani huu, wao wenyewe, kabla mimi sijafika: wako wanane, kila mmoja anaweka 2,000 kwa siku kwa kijumbe, yaani anayekusanya hela za mchezo wao, upatu wa kununulia gunia. Siku kumi na tano zinatoa 240,000. Gunia la mchele kule sokoni Tandale walipata kwa 230,000, na 10,000 ya guta. Linashushwa uani, linafunguliwa mbele ya wote, linapimwa kwa mizani ya Mangi, ndiyo, Mangi mwenyewe anawaazima mizani, kila mmoja kilo kumi na mbili na nusu. Kilo moja imesimama 2,400, na dukani ni 2,800. Kila nyumba imeokoa 5,000 kwa gunia moja. Kilo kumi na mbili zinaingia kwenye ndoo yenye kifuniko na majani ya mwarobaini juu, panya hapati, wadudu hawapati muda. Na hakuna anayegonga mlango kuazima, kwa sababu kila mmoja ana ndoo yake.

Nilitaka kuingia kwa pupa. Nikasema nitoe hela ya magunia matatu kwa mpigo. Wakakaa kimya, kisha mmoja wao, mama wa makamo anayeuza vitumbua, akaniambia: "Mwanangu, ukitoa wewe kubwa, mchezo utakuwa wako. Weka kama sisi." Nilinyamaza kwa sababu alikuwa na haki. Tumekubaliana hivi: hela yangu ya mama nagawa. Sehemu inaingia kwenye mchezo kila siku, 2,000, kama wote. Sehemu ni ya kitoweo na mboga, natuma kila Jumatatu badala ya mara moja kwa mwezi, pamoja na ya kutolea, ili mchana asikose. Na dumu la mafuta nimechangia robo, wengine watatu robo zao, lita tano tano. Chupa ya mtoto haijaenda dukani tangu Alhamisi.

Kwa nyinyi mlio nyumbani, nawaomba kwa moyo wote: mnapotuambia hali, msituambie tu Mungu ni mwema. Tuambieni mafuta ya 500 yanajaa kiasi gani. Tuambieni mchana mmekula nini. Sisi tulio nje tunasikia bei ya kilo, nyinyi mnalipa bei ya kipimo, na hapo katikati ndipo tunapokosana.

Mama huyo anakuja, ametoka kwa mama wa genge na tembele, nami nimeahidi kukuna nazi. Ila kabla sijazima, nina swali kwa mlio Tandale au mnaoshusha mzigo pale. Gunia lijalo linanunuliwa Jumamosi, na uani hapa wamegawanyika. Wengine wanataka mchele mpya wa Mbarali ambao umeanza kuingia, kwa kuwa bei imelegea. Wengine wanasema mchele mpya hauvimbi, kilo ya zamani inashibisha watu watano na mpya inashibisha wanne, kwa hiyo bora wa zamani hata kama ni ghali kidogo. Mama yangu yuko upande wa zamani. Mnaoujua, niandikieni mpya unauzwaje leo kwa gunia, na je, tofauti inatosha kufidia mtu wa tano?