Kabla ya krusedi, rudi kwenu

Bwana asifiwe. Kaeni kaeni, jua hili la Malindi halitaki mtu asimame. Nimepewa mada ya Maandiko na kushuhudia, na najua nyie mlionizoea mshasema kimoyomoyo, ah, leo tena yule jamaa wa makaburini. Ndio, leo tena, na ntairudia mpaka mfanye.

Marko 5. Sisimulii yote, mnaijua, mtu mwenye pepo anaishi makaburini, minyororo haimshiki, Yesu anawatoa pepo wanaingia nguruwe kama 2,000, wote baharini. Mimi nataka pale mwisho, ambapo tukihubiriwa huwa tushaanza kuangalia saa. Jamaa amepona, amevaa nguo, akili timamu, Yesu anapanda chombo aondoke na yeye anamsihi nichukue twende wote. Ombi zuri si ndio? Ingekuwa sisi tungempa nauli, tungempiga picha tumuweke kwenye posta ya krusedi. Yesu akamkatalia! Akamwambia rudi nyumbani kwa watu wako, ukawaambie Bwana alivyokutendea na alivyokurehemu. Na wenyeji wa pale ndio walikuwa wametoka tu kumwomba Yesu aondoke mipakani kwao, na akaondoka kweli, hakubishana nao, ila akawaachia mtu mmoja. Mmoja tu, hana chuo cha Biblia, hana maiki, mahubiri yake yote ni yaliyompata.

Sasa kwa nini nyumbani? Kwa sababu kule wanamjua yeye. Walimskia usiku akipiga kelele na kujikatakata kwa mawe, wao ndio walimfunga pingu. Huwezi kuwadanganya. Ukienda kuhubiri Mombasa hakuna anayejua daftari lako la deni, lakini yule mama wa mahamri hapa mtaani kila asubuhi unamwambia "ntakulipa kesho" halafu Jumapili anakuona umebeba Biblia kubwa hivi. Huyo ndiye umetumwa kwake, na ndio maana tunapenda sana kwenda mbali. Mlipe kwanza.

Halafu endeleeni mbele mpaka Marko 7, Yesu anarudi pande za Dekapoli, kulekule yule jamaa alikoenda kutangaza, na safari hii watu wanamletea kiziwi wanamsihi amwekee mkono. Biblia haisemi ni kazi ya yule jamaa, sawa, sitaongeza Maandiko, lakini mimi moyoni nishaamua.

Mtu ataniambia mwalimu, Mathayo 28 imesema twende kwa mataifa yote. Sijaifuta! Lakini Matendo 1:8 imeanzia Yerusalemu, ikaja Uyahudi na Samaria, ndo ikafika mwisho wa nchi. Sisi tunataka kuanza na mwisho wa nchi, na Yerusalemu yetu tumeielekezea spika dirishani, jirani ana mtoto mchanga, hata jina lake hatulijui, halafu tunasema tumeshuhudia.

Na ile ya "lakini majirani zetu ni Waislamu, utaanzaje?" Wewe umezaliwa hapa unaniuliza utaanzaje? Kile kikanisa cha Wareno cha makuti mnakipita kila siku. Mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita hapa Malindi 1542 akielekea India, na kwenye barua yake ameeleza kuwa Muislamu mmoja mwenye heshima zake alimuuliza, je huko kwenu watu bado wanasali kwa moyo? Maana hapa miskiti 17 na inayoingiwa ni mitatu, na watu wenyewe wachache. Sababu ya ibada kupoa hawakukubaliana, na Wareno walikuja na mizinga najua, msinianzie hiyo. Ninachotaka muone ni kwamba aliyeuliza ni mwenyeji. Petro wa kwanza 3:15, uwe tayari kumjibu anayekuuliza habari za tumaini lako, kwa upole na kwa hofu. Upole! Hiyo nusu ya mwisho wahubiri wetu wa stendi wameikata kabisa. Na ukiona hakuna anayekuuliza chochote mwaka mzima, jiulize wewe.

Tangu Shakahola, 2023, kule msituni waumini walikofunga kula mpaka kufa, mtu ukitaja Yesu kwa mgeni anakuangalia kwa jicho lingine, na siwalaumu, zaidi ya maiti 400 zimefukuliwa na si mbali na hapa. Lakini tazameni hii nayo. Yesu alimtoa mtu makaburini akamrudisha kwa jamaa zake. Kule Shakahola watu walitolewa kwa jamaa zao wakapelekwa msituni. Anayekwambia imani ni kukata ndugu zako na kutouliza, mkimbie, na ukamripoti pia. Waberoya kwenye Matendo 17 walimkagua hata Paulo kwa Maandiko, kila siku, na wakasifiwa kwa hiyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Warumi 10:14 someni wenyewe, watasikiaje pasipo mhubiri, na Matendo 8:4, waliotawanyika wakahubiri ni waumini wa kawaida, mitume walibaki Yerusalemu. Filipo na yule towashi aliyekuwa anasoma Maandiko garini nilikuwa nimewatayarisha vizuri sana, basi, Filipo alianza na swali, unayaelewa unayosoma? Haya, yule mama pale nyuma amenyoosha mkono kitambo, mpeni maiki.