Paspoti ya Babu: Wamarekani Wanaotafuta Soka la Ulaya

Mwenyekiti, walimu wa mpira mliofika, wazazi, na vijana mliojaa huko nyuma, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie wachezaji wa Kimarekani wanaoondoka kwao kwenda kutafuta soka la kulipwa nje. Najua wapo wanaojiuliza: Mmarekani naye anahangaikia nini? Paspoti yake anaingia nayo Ulaya bila viza, wakati sisi foleni ya ubalozini tunaianza alfajiri na makaratasi ya benki mkononi.

Ndiyo maana somo hili limenivutia. Kwa utalii, paspoti ile ya bluu ni dawa. Kwa mpira, haimfikishi mbali. Kwenye soka la Ulaya Mmarekani ni mgeni kama mimi na wewe, na mara nyingi kinachoamua nani atafika mapema na nani atachelewa ni mahali alipozaliwa babu yake.

Mchukueni Christian Pulisic. Amezaliwa mwaka 1998 Hershey, Pennsylvania, mji wenye jina la chokoleti. Baba yake alicheza soka la ukumbini kwa kulipwa, mama yake alicheza chuoni. Dortmund, klabu ya Ujerumani, walimwona akiichezea timu ya taifa ya vijana, wakamtaka. Sasa hapo kuna kanuni ya FIFA kuhusu usajili, ibara ya 19, ambayo mawakala wetu wengi wameisikia ila hawajaisoma: mchezaji aliye chini ya miaka 18 hasajiliwi nje ya nchi yake. Kuna milango michache. Wazazi wawe wamehama kwa sababu zisizohusu mpira. Au mtoto awe anaishi karibu kabisa na mpaka na klabu iko ng'ambo ya pili. Au uhamisho uwe ndani ya Umoja wa Ulaya, na mchezaji ametimiza miaka 16.

Mlango huo wa tatu ndio uliomwokoa. Babu yake, Mate, alizaliwa Kroatia, kwenye kisiwa kidogo cha Olib. Familia ikafuatilia uraia, paspoti ikatoka, na mwanzoni mwa mwaka 2015 kijana wa miaka 16 akahamia Ujerumani pamoja na baba yake, mama akabaki nyumbani na watoto wengine. Januari 2016 alikuwa tayari uwanjani na timu ya wakubwa. Aprili akafunga goli lake la kwanza la Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani. Mwaka 2019 Chelsea wakamnunua kwa euro milioni 64, na Mei 2021 kule Porto akawa mwanamume wa kwanza wa Kimarekani kucheza fainali ya Ligi ya Mabingwa, akatoka na kombe.

Mwekeni pembeni yake Josh Sargent, straika kutoka Missouri. Mwaka 2017 alicheza Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 na lile la chini ya miaka 17, yote mawili katika mwaka mmoja. Werder Bremen, nao wa Ujerumani, walimtaka mapema. Babu wa Ulaya hakuwepo kwenye makaratasi. Ikabidi asubiri mpaka Februari 2018, siku anayotimiza miaka 18, ndipo asaini mkataba. Sisemi Sargent angekuwa Pulisic. Mpira hauna hesabu nyepesi hivyo. Ila muulizeni kocha yeyote wa vijana hapa: kati ya miaka 16 na 18 ndipo mchezaji anafundishwa kusimama wapi wakati hana mpira. Mmoja alifundishwa hayo Dortmund kila siku, mwenzake alikuwa akingoja kalenda.

Mtaniuliza mbona wengi huanzia Ujerumani. Bia na baridi havihusiki. Tangu msimu wa 2006/07 Bundesliga iliondoa kikomo cha wachezaji wasio wa Umoja wa Ulaya. Badala yake klabu inatakiwa kuwa na Wajerumani 12 wenye mikataba. Ukishatimiza hao, sajili unayemtaka. Kwa Waholanzi mgeni haruhusiwi kuja kwa bei rahisi: asiye raia wa Ulaya, akiwa na miaka 20 au zaidi, lazima alipwe walau mara moja na nusu ya wastani wa mshahara wa ligi yao. Klabu ndogo itampa nani fedha hizo kwa kubahatisha?

Na Hispania, sikilizeni hili vizuri. Klabu ya La Liga ina nafasi tatu tu kwa wachezaji wasio wa Umoja wa Ulaya. Mmarekani anagombania nafasi hizo na Wabrazili na Waargentina. Lakini kwa miaka mingi raia wa nchi zilizokuwa kwenye makubaliano ya Cotonou ya mwaka 2000 kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, Tanzania na Kenya zikiwemo, hawakuhesabiwa kwenye nafasi hizo. Narudia kwa sababu naona mnatazamana. Mtoto wa Temeke, kwa kanuni hiyo moja, alikuwa na nafuu Hispania kuliko mtoto wa California. Viza ni suala lingine, kiwango ni suala lingine. Ila hii ilikuwepo, na ni ajabu namna isivyozungumzwa kwenye vijiwe vyetu.

Uingereza ndiko kulikokuwa na roho ngumu kuliko kote. Mpaka mwaka 2015, kabla ya kujitoa Umoja wa Ulaya, mchezaji wa nje alitakiwa kutoka taifa lililo juu kwenye viwango vya FIFA, na awe amecheza asilimia 75 ya mechi za mashindano za timu yake ya taifa kwa miaka miwili. Kipa Brad Friedel alinyimwa kibali cha kazi zaidi ya mara moja miaka ya tisini. Akazunguka Denmark, akazunguka Uturuki, akarudi kwao Columbus, na Liverpool wakampata mwishoni mwa 1997. Mtu huyo huyo aliyeonekana hafai kuingia ndiye aliyekuja kudaka mechi 310 mfululizo za Ligi Kuu ya Uingereza bila kukosa hata moja. Afisa aliyekataa makaratasi yale sijui alikuwa akitazama nini Jumamosi.

Sasa niwape mtu ninayempenda kuliko wote kwenye habari hii, na hapa nitakaa kidogo. Jay DeMerit, beki wa kati kutoka Green Bay, Wisconsin, mji wa mpira ule mwingine, wa kofia ngumu. Alimaliza chuo Chicago. MLS, ligi kuu ya Marekani, hawakumchukua. Hakuwahi kuitwa timu ya taifa ya vijana, hana wakala, hana video ya kutuma. Alichokuwa nacho ni babu wa Kidenmaki, na kwa huyo babu akapata paspoti ya Ulaya. Mwaka 2003 akapanda ndege kwenda London na akiba ya dola 1,800 hivi.

Akaanzia Southall, timu ya ridhaa kwenye madaraja ya chini kabisa, pauni 40 kwa wiki. Wachezaji wenzake ni watu wanaotoka kazini jioni na kuvaa njumu. Akapanda kidogo, Northwood. Kiangazi cha 2004 Northwood walicheza mechi ya kirafiki na Watford, ambao nao walikuwa daraja la pili na wanahitaji beki. DeMerit akacheza kama mtu anayejua basi la mwisho ndilo hili. Watford wakampa majaribio, kisha mkataba wa mwaka mmoja.

Mei 2006, Cardiff, fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu, mechi ambayo Waingereza huihesabu kuwa ya thamani kubwa kuliko fainali nyingi za makombe. Leeds upande mmoja, Watford upande mwingine. Kona ya Ashley Young inaingia ndani, DeMerit anapanda juu ya kila mtu, kichwa, goli la kwanza. Ikaisha 3–0. Msimu uliofuata yule wa pauni 40 akawa anakaba mastraika wa Ligi Kuu. Na tarehe 12 Juni 2010, Rustenburg, kwenye ardhi ya Afrika, alianza mechi ya Kombe la Dunia dhidi ya Uingereza, kazi yake ikiwa kumshika Wayne Rooney. Wakatoka 1–1, na Rooney hakufunga.

Watu huisimulia habari hii kama ushahidi kwamba ukijituma utafika. Mimi naisoma tofauti. DeMerit alijituma, hilo halina ubishi. Lakini Wamarekani wangapi wenye moyo uleule hawakuwa na babu Denmark? Wao wangefika Heathrow, wakaulizwa wamekuja kufanya nini, wakarudishwa. Na hata yeye asingeweza kuirudia safari ile leo. Tangu Januari 2021 paspoti ya Ulaya haimpi mtu haki ya kufanya kazi Uingereza, na mchezaji wa nje anapimwa kwa pointi: mechi za timu ya taifa, kiwango cha ligi anayotoka, dakika alizocheza. Kijana asiye na klabu, aliyetoka chuoni, ana sifuri.

Nisisahau kundi jingine, ambalo kwa kweli "halikwenda" nje, lilikuwa huko tayari. Sergiño Dest amezaliwa Almere, Uholanzi. Antonee Robinson amezaliwa Milton Keynes. Yunus Musah alizaliwa New York kwa wazazi wa Kighana, akakulia Italia na Uingereza. Weston McKennie ni wa Marekani, ila baba yake alikuwa mwanajeshi wa anga Ujerumani, na mpira wa miguu mtoto aliujulia huko karibu na Kaiserslautern. Ukisikia Marekani imezalisha wachezaji wengi wa Ulaya, uliza kwanza ni wangapi waliozalishwa na Marekani yenyewe.

Maana nyumbani kwao mpira wa watoto ni biashara. Mzazi analipa ada ya klabu, jezi, safari za mashindano, maelfu ya dola kwa mwaka. Mkono mtupu haulambwi. Clint Dempsey alikulia Nacogdoches, Texas, akicheza na watoto wa wahamiaji wa Kilatino kwenye viwanja vya vumbi, na wazazi wake walikuwa wakimwendesha mwendo wa saa tatu kwenda Dallas mazoezini, na saa tatu nyingine kurudi. Ilifika wakati familia ikashindwa kumudu. Huyo ndiye aliyekuja kufika fainali ya Europa na Fulham mwaka 2010 na kuifungia Marekani magoli 57. Akademi za klabu za MLS siku hizi nyingi hazitozi ada, na hiyo ni hatua.

Kwa wanawake hadithi imekwenda vingine kabisa. Muda mrefu Mmarekani ndiye aliyekuwa mwalimu, ligi za Ulaya zikimwomba aje. Lindsey Horan mwaka 2012, ana miaka 18, aliacha nafasi ya chuo cha North Carolina, ambacho kila msichana wa mpira alikiota, akasaini PSG, klabu ya Paris, moja kwa moja. Na Januari 2025 Naomi Girma, beki wa kati, mtoto wa wahamiaji wa Ethiopia aliyeanza kuchezea mpira kwenye mikusanyiko ya Wahabeshi wa San Jose, alihamia Chelsea, mwanamke wa kwanza kununuliwa kwa zaidi ya dola milioni moja.

Naona mkono kule nyuma. Sema, mdogo wangu.

Anauliza: asiye na babu Ulaya, na si mwanamke, afanye nini? Swali zuri. Mtazame Tyler Adams. Mtoto wa New York, aliingia akademi ya Red Bulls, akacheza MLS akiwa bado kijana, timu ya taifa ikamwita. Januari 2019, ana miaka 19, akahamishiwa RB Leipzig ya Ujerumani, klabu yenye tajiri yuleyule, na katika ligi ile isiyohesabu wageni. Agosti 2020, Lisbon, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, dakika ya 88, shuti lake likamgusa beki wa Atlético Madrid likaingia, na Leipzig wakatinga nusu fainali. Kwa hiyo njia ipo, ila angalia alipitia mlango gani: mmiliki mmoja, nchi mbili, na Ujerumani tena.

Haya, na yule dada mwenye kilemba, nilikuona mapema. Karibu uulize.