Mwambieni daktari habari za pedi, si saratani peke yake

Hamjambo nyumbani. Leo ninawaongelesha nikiwa jikoni kwangu hapa Killeen, Texas. Nilimwuliza baba watoto mara tatu kabla ya kuwasha kamera, maana ni habari za mwili wake. Amekubali.

Mnajua alitumikia jeshi la Marekani, na kwa muda alikuwa Djibouti. Baada ya kutoka jeshini akapatikana na saratani ya tezi dume. Sheria ya PACT, iliyotiwa saini Agosti 2022, inasema aliyetumikia Djibouti tangu Septemba 11, 2001, au Somalia tangu Agosti 1990, akipata saratani ya viungo vya uzazi hadaiwi kuthibitisha kwamba aliipata jeshini. Na saratani ikiwa bado mwilini, VA, ile idara ya waliotumikia jeshi, humpa asilimia 100, yaani kiwango cha juu kabisa cha ulemavu; kiwango hicho ndicho hupanga malipo yake ya kila mwezi. Tukapumua.

Akapasuliwa, saratani ikaisha. Miezi sita baada ya matibabu huitwa kupimwa upya, na hapo sasa huhesabiwa yale madhara yaliyobaki. Daktari akamwuliza anabadilisha pedi ngapi za mkojo kwa siku. Mume wangu, mwanaume wa Kisii, akasema moja. Jamani, mimi ndiye niliyekuwa nikizinunua! Zilikuwa tano, wakati mwingine sita.

Sikilizeni hesabu yake. Pedi chini ya mbili kwa siku ni asilimia 20. Mbili hadi nne ni 40. Zaidi ya nne ni 60. Neno moja la aibu likatushusha kutoka 100 hadi 20. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na mimi nimeyaona.

Si mkojo tu. Kuna ugonjwa unaozaliwa na ugonjwa, nao una dai lake. Nguvu za kiume zikipotea kwa sababu ya upasuaji, asilimia yake kwa kawaida ni sifuri, kwa hiyo wengi hawajisumbui kuandika. Andikeni! Kuna malipo maalumu ya kila mwezi juu ya hiyo sifuri, zaidi ya dola 100. Mtu akizama kwenye sonona kwa sababu hiyo, nayo hudaiwa peke yake. Mwombeni daktari barua inayosema uwezekano kwamba hili limeletwa na lile haupungui nusu kwa nusu, na aeleze kwa nini. Barua isiyo na sababu haina nguvu.

Aliyevimba tezi dume bila saratani njia yake ni ngumu zaidi: sheria hiyo haimbebi, lazima rekodi zake zionyeshe uhusiano na jeshi.

Na nyinyi mliotumikia huku mkarudi Eldoret au Nakuru, malipo hayakatwi kwa sababu mmehama. VA pia ina mpango wa kulipia matibabu ya ugonjwa uliokwisha kukubaliwa, hata ukitibiwa Kenya.

Tulikuwa na mwaka mmoja wa kuomba uamuzi utazamwe tena bila kupoteza tarehe ya mwanzo, ile ambayo malipo huhesabiwa kuanzia hapo. Nikamnunulia daftari. Ndilo hili. Mwandiko ni wake, ukurasa wa kwanza: saa nne usiku, saa sita, saa saba na nusu, saa tisa, saa kumi na moja. Mbele ya kila saa ameandika: nimeamka, nimebadilisha.