Askofu Aliyepanda Ngazi

Asante, mwenyekiti. Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, na nimeona mmoja pale nyuma ameshaanza kutabasamu. Nivumilieni. Siku watu watakapoacha kuhukumu sanamu kwa kusimuliwa, nitatafuta mada nyingine.

Mchongaji wangu ni yule yule, Jacob Epstein. Alizaliwa New York mwaka 1880, wazazi wake Wayahudi waliohamia kutoka Poland. Akasomea Paris, akafika London mwaka 1905. Wasifu wake mtausoma wenyewe, mimi nimekuja kuzungumzia ngazi.

Mwaka 1907 msanifu majengo Charles Holden alimpa Epstein kazi ya sanamu 18 kwenye jengo jipya la Chama cha Madaktari cha Uingereza, mtaa wa Strand. Kijana wa miaka 26, hana jina, anapewa ukuta mzima. Akachonga maisha ya binadamu: mama na mtoto mchanga, vijana, mwanamke mjamzito, bibi kizee aliyekauka. Karibu wote uchi. Tafadhali kumbukeni hilo lilikuwa jengo la madaktari! Kama kuna mtu duniani asiyepaswa kushtushwa na tumbo la mjamzito, si daktari?

Bahati mbaya, ng'ambo ya barabara ilikuwepo ofisi ya chama cha kulinda maadili. Wakachungulia dirishani, wakaona, wakapiga kelele. Juni 1908 gazeti la Evening Standard likaandika kwamba hizi ni sanamu ambazo baba mwangalifu hangependa binti yake azione. Mnajua kilichofuata. Watu wakamiminika Strand, shingo juu. Ukitaka sanamu itazamwe na mji mzima, omba gazeti liikataze.

Polisi akapanda jukwaa la mafundi, akatazama, akaandika kwenye kijitabu chake. Kisha akaja Askofu wa Stepney, Cosmo Gordon Lang, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Watu walitegemea nini kwa askofu? Waraka mkali, au walau mahubiri ya Jumapili. Yeye alipanda ngazi. Akazikagua zile sanamu kwa karibu, kwa macho yake mwenyewe, akashuka, akasema hakuona kitu cha aibu. Sanamu zikabaki.

Hapa huwa naulizwa: "Mwalimu, kwa hiyo sanaa ihukumiwe na maaskofu?" Sikusema hivyo. Nimesema alipanda. Wangapi humu mmewahi kuzunguka nyuma ya sanamu kabla ya kuitolea maoni? Sanamu ina mgongo, jamani. Picha haina.

Ngojeni, kisa hakijaisha, na sehemu inayoniuma ndiyo hii. Madaktari wakahama, na katika miaka ya 1930 jengo likanunuliwa na serikali ya Rhodesia ya Kusini. Wenye nyumba wapya hawakuzitaka zile sanamu, na walisema wazi. Wakati huo mvua ya London, iliyochanganyika na moshi wa makaa, ilikuwa imekula jiwe. Mwaka 1937 kipande kikadondoka barabarani. Wakapata sababu. Mafundi wakapandishwa, nao wakakata kila kilichotokeza: nyuso, mikono, vifua. Hao nao walipanda ngazi, ila walipanda na nyundo.

Mtasema usalama wa wapita njia unatangulia. Nakubali, jiwe likikuangukia kichwani halikuulizi una maoni gani kuhusu sanaa. Lakini jiwe bovu lina matengenezo yake. Huponyi jino kwa kukata kichwa. Ukipita Strand leo, inua macho kwenye ghorofa za juu, utaviona viwiliwili vimesimama bila nyuso. Na jengo lenyewe sasa ni ubalozi wa Zimbabwe, ndiyo Rhodesia ya Kusini ya zamani. Nchi ambayo jina lake limetokana na nyumba za mawe, nchi ya wachongaji mawe wanaojulikana dunia nzima, imerithi mawe yaliyolemazwa na walowezi. Ningekuwa balozi pale nisingelala.

Kuna msomi mmoja hunikumbusha kila mara kwamba Padri Bernard Vaughan naye aliitazama sanamu ya Epstein, na bado akaikataa. Sawa, tumjibu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Epstein alisubu kwa shaba nyeusi sanamu ya Kristo Mfufuka: mrefu, mwembamba, amevikwa sanda, anaonyesha jeraha la kiganjani. Padri Vaughan alighadhibika. Ukisoma malalamiko yake unaona hasa kilichomkera: Kristo huyu alimkumbusha Mwafrika, Mkaldayo, Mhindi, Mmisri. Mtu aliyezaliwa Bethlehemu alitakiwa afanane na nani, meya wa Manchester? Epstein mwenyewe alikusanya mamia ya sanamu za Afrika na kwingineko nyumbani kwake, na alijifunza kwazo. Kwa hiyo padri aliona kitu cha kweli. Ubaya ni kwamba alikiona akakiita dosari.

Basi, dini si moja na makasisi si mmoja. Tuendelee, muda unakimbia.

Mwaka 1928 Holden alimwita tena, safari hii kwenye makao makuu ya reli ya chini ya ardhi ya London, kwa sanamu mbili za mawe, Usiku na Mchana. Kelele zilezile. Ugomvi ukaisha kwa mchongaji kukubali kupunguza uume wa mtoto kwenye sanamu ya Mchana kwa kama sentimita 4. Mnacheka, lakini mkurugenzi wa reli alikuwa tayari kujiuzulu kwa ajili ya sentimita hizo. Baada ya hapo, takriban miaka 20, hakuna aliyempa ukuta. Aliishi kwa kufinyanga vichwa vya watu na kuvisubu kwa shaba nyeusi: Einstein, Haile Selassie alipokuwa uhamishoni mwaka 1936, na wengine wengi. Sanamu zake kubwa za mawe alizichonga bila kuagizwa na mtu. Mojawapo, Adamu, iliishia kwenye maonyesho ya burudani katika mji wa pwani wa Blackpool, watu wanalipa kiingilio waingie kuchekelea.

Waliomrudisha mjini ni watawa. Nyumba zao katika uwanja wa Cavendish, London, zilipigwa mabomu vitani. Msanifu Louis Osman alikuwa anaziunganisha kwa daraja, akataka Mama na Mtoto wa kuning'inia ukutani. Akawaonyesha watawa mfano mdogo bila kuwatajia aliyeufinyanga. Wakaupenda. Kisha wakaambiwa ni Epstein! Walishtuka, ndiyo, lakini macho yao yalikuwa yameshatoa hukumu. Waliomba uso wa Mama ubadilishwe, naye mzee mkaidi akaubadilisha. Sanamu ni ya madini ya risasi, nyeusi, nzito, na bado inaelea. Mama ameshusha mikono, viganja wazi, na mbele yake mtoto amenyoosha mikono kama aliye msalabani. Ilifunuliwa mwaka 1953.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sanamu yake ya kanisa kuu la Llandaff naiacha, ile ya kaburi la mwandishi Oscar Wilde naiacha, nitawadai siku nyingine. Coventry kwa kifupi. Kanisa kuu la mji huo wa Uingereza lilibomolewa na mabomu Novemba 1940. Basil Spence, msanifu wa kanisa jipya, alimtaka Epstein. Mjumbe mmoja wa kamati ya ujenzi akasema huyo ni Myahudi. Spence akajibu kwamba hata Yesu Kristo alikuwa Myahudi. Askofu wa Coventry je? Alipelekwa uwanja wa Cavendish, akasimama chini ya ile sanamu ya risasi akaitazama, akasema huyu ndiye mtu wetu. Epstein akafinyanga Mikaeli Malaika Mkuu, mabawa wazi, mkuki mkononi, Ibilisi amefungwa minyororo miguuni. Alifariki Agosti 1959, sanamu ikafunuliwa mwaka uliofuata, ikiwa kwenye ukuta wa nje, usawa wa wapita njia kuinua shingo.

Karibuni kwa maswali. La kwanza lisiwe la sentimita.