Alama Ndogo Pembeni: Shajara za Arthur Sullivan

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari za jioni. Naona nusu ya ukumbi huu ni watu wa kwaya, basi nianze na kitu mnachokijua. Wangapi hapa wamewahi kuimba "Twendeni askari"? Naam, karibu mikono yote. Sauti ile ilitungwa mwaka 1871 na Mwingereza Arthur Sullivan. Sisi tumeipokea, tukaiongezea makofi na kayamba, na mtunzi wake tunamdhania mzee fulani mcha Mungu asiyebanduka kwenye kinanda cha kanisani. Leo tumpekue kidogo.

Sullivan alizaliwa London mwaka 1842. Baba yake alikuwa kiongozi wa bendi kwenye chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Mtoto akaimba katika kwaya ya kifalme, akapata ufadhili, akaenda kusoma Leipzig. Jina kubwa alilipata kwa opera za vichekesho alizotunga na mwandishi W. S. Gilbert. Hayo sikai nayo, yameandikwa sana. Ninachokitaka mimi ni shajara alizoziandika kuanzia 1881 mpaka wiki chache kabla ya kufa, mwaka 1900. Leo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Ukizifungua ukitarajia mtu amwage ya moyoni, utazifunga mapema. Shajara hizi zimekaa kama daftari la mwenye duka. Nani kaja kunywa chai, chakula cha usiku kwa nani, mazoezi saa ngapi, figo zimeuma au zimetulia. Na fedha! Alipenda mbio za farasi, alipenda meza za kamari za Monte Carlo, na aliandika alichopata na alichopoteza.

Sasa, mwenye duka ana alama zake. Mimi nimekulia dukani kwa babu. Kwenye daftari lake kulikuwa na nukta nyekundu pembeni mwa majina fulani, nasi wajukuu tukaapa kwamba hao ndio wadaiwa sugu. Kumbe ndio waliomkopesha yeye.

Sullivan naye alikuwa na nukta zake. Zinakuja karibu na herufi mbili, L.W. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mwanamke mdogo", na mwenyewe ni Fanny Ronalds, Mmarekani, mwimbaji mwenye sauti iliyosifiwa sana katika kumbi za wakubwa wa London. Alikuwa na mume, wametengana lakini hawajaachana. Kwa hiyo angalieni anavyomwandika. Wakikutana mbele za watu, shajara inasema Bibi Ronalds. Wakiwa wawili tu, ni L.W. Mtu yule yule, pengine siku ile ile, majina mawili! Halafu pembeni kuna vijialama, mara vema, mara tarakimu ndani ya mabano, 1 au 2. Wasomi walioketi na shajara hizi, akiwemo Arthur Jacobs aliyeandika maisha ya Sullivan mwaka 1984, wanasema hizo ni hesabu za faragha yao. Mnacheka. Haya, chekeni, lakini mtu huyu alikuwa anajificha hata ndani ya kitabu chake mwenyewe.

Ndugu zake nao walisaidia kuficha. Herbert, mtoto wa marehemu kaka yake, alilelewa naye, ndiye aliyerithi karatasi zake. Mwaka 1927 alishirikiana na mwandishi mwingine kutoa kitabu chenye sehemu za shajara hizo, na humo Bibi Ronalds ni rafiki mwema wa familia, basi.

Niwapeleke kwenye siku moja. Tarehe 25 Novemba 1882. Usiku huo opera mpya, *Iolanthe*, inaonyeshwa kwa mara ya kwanza Savoy, ukumbi wenye taa za umeme wakati miji mingi bado inawasha gesi. Mama yake Sullivan amekufa mwezi Mei mwaka huo huo. Anajiandaa kwenda ukumbini, inaingia barua. Dalali anayemtunzia fedha anamwarifu kwamba amefilisika, na pauni kama 7,000 za Sullivan zimekwenda na maji. Mtu mwingine angejifungia chumbani. Yeye akavaa, akaenda, akashika kijiti mbele ya okestra. Na shajara inasemaje? Ukumbi ulijaa pomoni. Alikuwa na woga kuliko kawaida yake. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri sana, ya pili ikajikokota, akaona itabidi ipunguzwe. Wakaitwa jukwaani na Gilbert, wakashangiliwa. Baadaye roho yake ikawa chini kabisa, akarudi nyumbani.

Mimi nikifika hapo huwa nasimama. Pauni zimepata sentensi moja, na sehemu ya pili iliyojikokota nayo imepata ya kwake.

Februari 1883, miezi isiyofika mitatu baadaye, alitia sahihi mkataba wa miaka mitano na Richard D'Oyly Carte, mwenye Savoy. Akiambiwa miezi sita kabla, lazima alete opera mpya. Miaka mingi watu walimshangaa mtunzi wa oratorio, yaani tungo kubwa za dini za kwaya na okestra, aliyepewa cheo cha Sir mwaka huo huo, kwamba anang'ang'ania vichekesho. Wengine walimlaumu kwa kuchezea kipaji. Kasome ile Novemba, halafu urudi kwenye mkataba. Opera ya *The Mikado* ilizaliwa ndani ya mkataba huo, mwaka 1885.

Kuna dada pale mbele aliniuliza kabla hatujaanza: hivi ni halali kumsoma marehemu namna hii? Dada, nimeliwaza. Jibu langu ni kwamba kwa karibu miaka 20 alikuwa na moto nyumbani kila majira ya baridi, na hakuzichoma. Kama halikutoshi, tutalimaliza kwenye chai.

Ingizo la mwisho ni la tarehe 15 Oktoba 1900. Mgonjwa, opera haijaisha, itamaliziwa na mwenzake Edward German. Anaondoka mahali alipokuwa amepumzika. Hamtaji Mungu, hamtaji L.W., wala hahesabu fedha. Anaandika kwamba anasikitika kuiacha siku nzuri namna ile.

Alifariki Novemba 22.